Ukufi wa Kila Nyumba

Wachungaji wetu wawili, wazee wa makanisa yote mawili, ndugu wa ukoo, majirani, na nyote mliofika hapa Marafa leo, Jumamosi tarehe 15 Februari 2025, wakubwa shikamooni, na wengine nawaamkua kila mmoja kwa salamu anayoipenda, kwa kuwa siku hizi hata salamu za Kikristo kwetu zimekuwa mbili. Jina langu ni Thoya Hesbon Mwambire, kifungua mimba wa marehemu, mwalimu, mzee wa kanisa na kwa muda mrefu katibu wa wazee katika Kanisa la Emau, upande wa vikombe vidogo, na nimeteuliwa na familia niwasomee historia ya mama yetu.

Karatasi mliyopewa mlangoni, yenye picha yake akiwa amejifunga kitambaa cheupe, niliiandika Jumatatu, na yote yaliyomo ni kweli, tarehe ni sahihi, majina yametimia, lakini leo asubuhi niliisoma tena nikaona haya, kwa maana ni historia ambayo ingeweza kuwa ya mama yeyote, basi nimeandika nyingine kwa mkono, na naomba mnivumilie kwa sababu mwandiko wangu ni mbaya na macho yangu leo si mazuri. Marehemu mwenyewe alikuwa hodari wa kusikiliza matangazo ya vifo redioni huku akichambua mchele, na tangazo likirefuka alikuwa akisema, "Mtu amezaliwa, ameishi, amekufa, hapo kati mwatuchosha na vyeo vya nini?" na mara mbili aliniambia kwamba siku yake ikifika nisimpake mafuta. Sitampaka.

Mama Jedida Pola alizaliwa tarehe 12 Juni 1954 hapa hapa Marafa, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Gona Iha na marehemu Mama Mbodze, wakulima wa mahindi na muhogo, ambao shamba lao lilipakana na lile korongo ambalo leo wageni husafiri kutoka mbali kuja kulipiga picha, na ambalo wazazi wake walilijua tu kama mahali mbuzi walipopotelea. Alianza masomo mwaka 1962 katika shule ya msingi ya hapa kwetu, akasoma hadi darasa la saba mwaka 1968, akafaulu, lakini nafasi ya kuendelea alipewa kaka yake, na jambo hili alilisimulia bila kinyongo hata kidogo, isipokuwa kila siku kaka yake alipokosea hesabu mbele yake.

Mwaka 1971 alikwenda Mariakani kwa shangazi yake, akaajiriwa katika hoteli moja ya kando ya barabara kuu iliyolisha madereva wa malori, akaanza kwa kuosha masufuria, baada ya mwaka akapewa mandazi, baada ya miaka miwili akapewa mikate, na fundi wa mikate wa pale, mzee mmoja mkali asiyecheka, alimfundisha kwamba unga ukishatiwa maji huwezi tena kujua uliotoka gunia lipi, maneno ambayo sisi wanawe tuliyasikia utotoni mpaka yakatuchosha. Hapo hotelini ndipo alipofahamiana na marehemu baba yetu, Hesbon Mwambire, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa, na ambaye kwa ushuhuda wa Mama mwenyewe alikuwa akirudisha mkate jikoni kila asubuhi akidai haukuiva, mpaka mpishi akatoka nje kumtazama ana nini. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 14 Desemba 1974 katika Kanisa la Emau, wakati huo likiwa la udongo na makuti, na mwaka 1980 wakahamia Marafa moja kwa moja, Baba akalima, Mama akaoka mikate na kuuza hapa sokoni na mashuleni, kazi aliyoifanya mpaka magoti yalipomshinda mwaka 2016. Baba alitutoka tarehe 21 Oktoba 2011, na kaburi lake ni hilo mnaloliona hapo, kando ya hili lililo wazi.

Walijaliwa watoto watatu, mimi niliyezaliwa mwaka 1976, mdogo wangu Hannah aliyezaliwa mwaka 1979, na Iha, aliyezaliwa Agosti 1981 akafa kwa surua tarehe 9 Machi 1982, akiwa na umri wa miezi saba. Mama amewaacha wajukuu saba waliomwita Hawe, yaani bibi.

Kifo cha Iha lazima nikisimamie kidogo, kwa sababu yote mnayoyaona leo hapa uwanjani yalianzia kwenye matanga yale. Kama ilivyo desturi yetu, kila nyumba ilileta unga kwenye nyumba ya msiba, wenye nacho wakaleta kibaba, wasio nacho wakaleta ukufi, yaani unga wa kujaa kiganja kimoja, na matanga yalipoanuliwa ukabaki unga kwenye beseni, umechanganyika, wa ngano, wa mahindi na wa muhogo, hakuna aliyejua upi ni wa nani. Mama aliniambia kwamba alilitazama beseni lile siku mbili, hawezi kuula, hawezi kuumwaga, maana ulikuwa unga wa mtoto wake, na siku ya tatu akaukanda, akauoka mkate mmoja wa duara, akaufunga kwa kitambaa, akaupeleka Emau Jumapili. Mchungaji wa wakati ule, Mungu amrehemu, hakuuliza maswali, aliuweka mezani, akauombea, akaumega, na watu wote wakala Chakula cha Bwana kutoka katika mkate ule, na waliokuwepo wanasema Mama alikuwa wa mwisho kupokea na alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mtoto azikwe.

Kuanzia mwezi uliofuata, kwa kuwa Emau hushiriki Meza ya Bwana kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, nyumba zote arobaini na moja zikawa zinaleta ukufi mmoja wa unga kwa Mama Jedida siku ya Jumamosi kabla ya saa sita, na nasema kabla ya saa sita kwa sababu aliyechelewa alisikia cha kusikia. Aliuchekecha unga wako mbele yako, ukiwa na wadudu alikurudishia bila kukusitiri, na mke wa mchungaji aliwahi kurudishiwa wake mara tatu. Mwaka wa neema mkate ulikuwa mweupe, mwaka wa njaa ulikuwa mzito na wenye kuvunjika vunjika, lakini haukuacha kuwa mmoja, na mtu aliyekuwa hasemezani na jirani yake alijua kwamba kesho atameza unga wa jirani huyo apende asipende, na wengi, nililiona kwa macho yangu, walikuwa wakipatana Jumamosi jioni ili kujiepusha na aibu ya Jumapili. Hivyo ndivyo Emau ilivyoishi miaka thelathini na tisa. Hatukuhitaji semina ya umoja, umoja tuliutafuna.

Mwezi wa Machi 2020 makanisa yalifungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, na tulipofungua Agosti tukafungua na vikombe vidogo vya plastiki, kila mtu na chake, badala ya kikombe kimoja cha zamani kilichopita mkono kwa mkono. Wapo waliosema vikombe vidogo vitakaa daima kwa sababu ya afya, nami nilikuwa mmoja wao, na wapo waliosema kikombe cha Bwana ni kimoja na aliyekigawa amemgawa Bwana, na Hannah alikuwa mmoja wao. Tulibishana miezi mitano. Mimi na dada yangu, tuliochangia kitanda mpaka nilipoingia darasa la nne, tulisimama kanisani mbele ya watu tukaambiana maneno ambayo nisingemwambia mbwa wa mtu. Jumapili tarehe 17 Januari 2021 Hannah aliinuka katikati ya ibada, akakichukua kile kikombe cha zamani mezani, akatoka nacho, na nyumba kumi na tisa zikamfuata, na kabla ya Pasaka walikuwa wamejenga kanisa la mabati ng'ambo ya uwanja wa mpira, wakaliita Emau pia, kwa hiyo tukawa na Emau mbili zinazotazamana na kila moja ikiimba kwa sauti ya juu ili isimsikie mwenzake.

Mama hakuhama wala hakubaki. Jumapili moja alikuja kwetu, Jumapili ya pili akaenda kwa Hannah, akaketi benchi la nyuma, akaimba vibaya kama kawaida yake, na ilipofika wakati wa Meza ya Bwana watu wote wakiinuka yeye aliketi. Tulipomuuliza, mimi kwa wakati wangu na Hannah kwa wakati wake, alitujibu neno moja lile lile, "Nitakula siku mtakapokula." Tulidhani ni hasira za uzee, zitapoa. Mama yetu, aliyetuokea mkate ule tangu mwaka 1982, alikaa bila kuuonja tangu Januari ile mpaka alipofariki, miaka minne, na sisi tulilizoea jambo hilo, tukapita mbele ya benchi lake na vikombe vyetu mkononi.

Lakini kuoka hakuacha, maana hakuna mwingine aliyejua. Jumamosi zilipofika nyumba ishirini na mbili za upande wetu zilileta unga wao, nyumba kumi na tisa za upande wa pili zikaleta wao, kila upande na mfuko wake, na Mama akapewa maagizo na wazee, mkate huu ni wa hawa na mkate huu ni wa wale. Yeye aliitikia vyema, akangoja tuondoke, akamimina mifuko yote miwili katika beseni moja, akakanda donge moja, akalikata katikati, akaoka mikate miwili katika tanuri la mofa la jirani yetu Mama Raiya, kwa sababu tanuri lake mwenyewe lilikuwa limepasuka. Mama Raiya na mumewe Mzee Farjallah, kwa wasiowajua, ni watu waliotoka visiwa vya kaskazini wakafungua duka hapa Marafa kabla sijazaliwa, na ni Waislamu, na siri hii ya kanisa waliijua tangu siku ya kwanza na haikutoka nje ya ua wao. Kwa muda wa miaka miwili na zaidi, mara ishirini na nane, Emau hizi mbili zilizokuwa zikinuniana zilikula mkate mmoja.

Aliyeifichua siri hiyo si mtu wa nje. Ni mimi. Mwezi wa Aprili 2023, baada ya ile njaa ndefu, nilipendekeza kwenye kikao cha wazee kwamba upande wetu uache kuleta unga wa muhogo, tulete ngano tupu, mkate uwe wa heshima, na wazee wakakubali. Jumapili ya tarehe 7 Mei nilipokea kipande changu, nikakitia kinywani, na mahali ambapo mtu anatakiwa amkumbuke Bwana mimi nikaonja muhogo. Nilijua papo hapo. Nilikulia katika nyumba ile, naujua muhogo wa mwaka wa njaa jinsi unavyokwaruza ulimi. Ningeweza kumeza nikanyamaza, na naapa kwamba kwa dakika moja nilitaka kunyamaza, lakini nilikuwa katibu, na katibu hupenda mambo yakae kwenye kumbukumbu, basi nikatoka hapo mpaka kwa Mama, nikamuuliza, akanijibu bila kuficha lolote, huku akiendelea kumenya vitunguu, "Ndiyo, nimewachanganya, na hamkufa."

Nililipeleka kwa wazee jioni ile ile, na habari ikavuka uwanja kabla ya Jumatatu. Ndugu zangu, nimefikiri sana juu ya siku zile, kwa sababu pale ndipo tulipopewa nafasi, Mungu alitushika mkono akatuonyesha kwamba tumekuwa mwili mmoja muda wote ule bila kujua, bila vikao, bila hati za mapatano, na sisi tulipojua tukakasirika. Upande wetu ulisema umelishwa uongo. Upande wa Hannah ulisema meza yao imetiwa unajisi. Wazee wa pande zote mbili wakakutana, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 2021, wakakubaliana kwa dakika chache tu kwamba Mama Jedida asiguse tena mkate wa yeyote, na hilo ndilo jambo pekee tuliloafikiana miaka yote ile. Upande wetu ulimwandikia barua ya kumsimamisha ushirika kwa miezi sita. Barua hiyo ina sahihi yangu. Ushirika wenyewe alikuwa hashiriki, lakini tulimsimamisha.

Nilimpelekea mimi mwenyewe. Alikuwa hana miwani, akaniomba nimsomee, nikamsomea mpaka mwisho na tarehe, akaniambia ahsante mwanangu umesoma vizuri, akaikunja akaitia katika Biblia yake, na humo ndimo tulimoikuta wiki iliyopita. Tangu hapo upande wetu ukawa unaagiza vile vikate vyembamba vya pakiti kutoka Mombasa, upande wa pili ukawa unanunua mkate wa kukatwa vipande dukani kwa Mzee Farjallah, na wanawake wakaacha kuja kwa Mama Jumamosi, na kilichoniuma baadaye ni kusikia kwamba Jumamosi zote zile aliendelea kutoa kiti chake mlangoni na kukaa mpaka saa sita.

Mwezi wa Agosti 2024 alianza kulalamika kwamba chakula kinamkwama. Tarehe 3 Septemba tulimpeleka hospitali Malindi, tukatumwa Mombasa, na huko vipimo vikaonyesha saratani ya umio, yaani njia ile ya kupitisha chakula, na ilikuwa imekwisha kukomaa. Alipata matibabu ya mionzi, alipata nafuu kidogo mwezi wa Novemba, na kabla ya Krismasi madaktari walitwambia kwa upole kwamba tumrudishe nyumbani. Mama aliyewalisha watu maisha yake yote alifikia mahali pa kumeza uji mwepesi kijiko kimoja kimoja, na aliyemshikia kijiko siku nyingi kuliko sisi alikuwa Mama Raiya, kwa sababu mimi na Hannah tulikuwa tumejipangia zamu tusikutane.

Jumatatu tarehe 27 Januari mwaka huu alituita sote wawili kwa wakati mmoja, mimi nikaketi upande huu wa kitanda na Hannah upande ule, hatukutazamana. Sauti yake ilikuwa imekwisha, lakini alichosema tulikisikia. Alisema anataka Meza ya Bwana kabla hajaondoka, mkate mmoja wa unga wa nyumba zote, wachungaji wote wawili chumbani mwake, na sisi wawili, na tule pamoja naye. "Mimi sitaki kikubwa," alisema, "kipande kama punje ya hindi, mkiloweshe. Lakini mje nyote." Hilo tu. Katika miaka yake sabini sikumbuki kitu kingine alichotuomba.

Wachungaji walikutana Alhamisi tarehe 30 Januari pamoja na wazee sita, nami nikiandika kumbukumbu. Juu ya mkate tulikubaliana haraka. Tulikwama kwenye kikombe, wenzetu wakasema lazima kiwe kikombe kimoja cha zamani, sisi tukasema mgonjwa ni mgonjwa, lazima viwe vidogo, na tukabishana saa mbili unusu, mimi nikisema kuliko wote, juu ya kikombe cha mtu ambaye angeweza kumeza tone moja. Mama Raiya, tulipotoka kwenda kumwambia Mama kwamba mazungumzo yanaendelea, alitutazama mmoja mmoja akatuuliza, "Kwani nyinyi hamna kijiko?" Kikao cha pili kilitakiwa kiwe Jumanne tarehe 4 Februari, lakini Jumanne nilikuwa na mafundi wa paa la nyumba yangu, nikaomba kisogezwe mpaka Alhamisi saa kumi alasiri, na kwa kuwa ndimi niliyekuwa katibu wakanikubalia.

Mama Jedida Pola Mwambire alifariki Alhamisi tarehe 6 Februari 2025, saa tano na robo asubuhi, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini, mkononi mwa Mama Raiya. Paa langu limekwisha, halivuji.

Jumamosi iliyopita mimi na Hannah tulifungua chumba chake, na chini ya kitanda tukakuta debe limefungwa kwa kitambaa kile cheupe, ndani yake mna unga uliobaki Jumamosi ile ya mwisho, tarehe 6 Mei 2023, unga wa nyumba zote arobaini na moja, hakuutumia, hakuutupa. Hannah alisema tuoke, tumalize alichokiomba, wachungaji waumege leo kaburini, na mimi moyo wangu ulipata joto kwa mara ya kwanza tangu afariki. Tuliumimina kwenye beseni. Ulikuwa unatembea. Tuliketi chini, mimi na dada yangu, tukachekecha na kuchekecha tangu saa mbili mpaka jua likawa utosini, tumeweka magoti yetu pande mbili za beseni moja kama tulivyokuwa tukikaa utotoni kumsaidia, na wadudu walikuwa wameula wote, hatukupata hata ukufi mmoja wa kukanda. Tulichelewa kwa Mama, tukachelewa hata kwa unga wake. Hannah aliniuliza, "Sasa kaka tutafanyaje?" na tangu mwaka 2021 alikuwa hajaniita kaka.

Tuliwauliza wachungaji wetu kama leo tunaweza kutumia mkate wowote ule, hata wa dukani, tukaambiwa, kwa heshima zote, kwamba jambo hilo linahitaji kikao. Kwa hiyo leo hapatakuwa na Meza ya Bwana. Na kwa wale waliotoka mbali wanaojiuliza kwa nini mahema ni mawili, na kwa nini moshi unatoka katika meko mawili, majibu nimekwisha kuwapa. Unga wa matanga haya umeletwa katika magunia mawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Malindi na Mombasa, ambao hawakumdanganya na hawakumchoka. Inawashukuru walimu wenzangu walionishikia madarasa, na wanawake wa soko la Marafa, wenzake Mama wa tangu zamani, walioketi nasi siku zote tisa. Inamshukuru Mzee Farjallah na nyumba yake, na hasa vijana wake Huzaifa na Jaafar na wenzao wa msikitini, ambao wamelichimba kaburi hili, kwa sababu vijana wa Emau zote mbili walifika jana na majembe yao wakashindwa kupatana ni upande gani utaanza, wakaondoka, na jua linazama hakuna hata shimo la kuzikia kuku. Mama Raiya, wewe sikushukuru, sina maneno yako. Nilipokwenda kukuuliza kwa nini miaka ile hukuniambia anachanganya, ulinijibu, "Ningekwambia lipi, mwanangu? Miye nalimuona akikanda, sikumuona akiiba," na neno hilo nimelala nalo na kuamka nalo.

Nimalizie kwa tangazo fupi kutoka kwangu na kwa mdogo wangu Hannah, aliye hapa karibu yangu na amenipa ruhusa nilisome. Baada ya maziko chakula kitatolewa katika mahema yote mawili, kuleni mshibe, mmetoka mbali. Sisi wawili hatutaketi hema hili wala lile. Ukatibu nimeuacha leo asubuhi. Kuanzia kesho Jumapili tutaketi pamoja katika benchi lake la nyuma, juma moja Emau hii na juma moja Emau ile, na watakapoinuka watu kwenda mezani sisi tutabaki tumeketi, tutakula siku mtakapokula. Hatuna hakika siku hiyo tutaiona, maana yeye hakuiona, na alikuwa bora kuliko sisi.

Pumzika kwa amani, Mama. Njaa yako tuachie sisi.